Ramadhani Nane za Vuai

Mtu wa miaka kumi na minane akisema "zamani", wazee hukohoa kile kikohozi cha kumkumbusha adabu. Kohoeni. Mwaka ninaotaka kuuandika haujatimiza hata miaka sita tangu upite, lakini mimi nimeshauzeekea. Habari za baba na babu, nani alitoka Arabuni na nani alitoka Kizimkazi, naziruka. Zimo ndani ya jalada la msahafu wa nyumbani, kwa mkono wa baba, pamoja na siku niliyozaliwa mimi, saa yake, na mvua iliyokuwa ikinyesha. Nayataja haya kwa sababu moja tu: mimi nimeandikwa. Rafiki yangu Vuai hakuandikwa popote. Umri wake ulikaa kinywani mwa bibi yake, Bi Mize, na korti iliutoa humo humo.

Mwezi uliopita tulimsomea khitma ya arubaini. Tulikaa mkekani katika chumba cha Bi Mize, chumba cha chini cha nyumba yetu ya Malindi, ambacho kabla yake kilikuwa cha kuwekea makaa, na mpaka leo ukiegemea ukuta wake unaondoka na mgongo mweusi. Kitanda cha kamba kilikuwa kimesimamishwa pembeni ili watu wapate nafasi. Nilijua kamba zake zimelegea upande gani, maana upande huo ndio aliolalia Vuai, na nilikaa nikiuangalia wakati wenzangu wanaangalia sahani ya halua. Kahawa ilipita, mkate ulipita, na nyuma ya pazia wanawake walikuwa washamaliza kulia na kufika pale pa kuulizana. Mmoja, sauti yake ngeni, akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi, maskini?" Bi Mize akajibu kama aliyekuwa akilingojea swali hilo tangu alfajiri: "Miaka siijui mimi, mwanangu. Najua siku waliyomchukua alikuwa na Ramadhani nane. Hakuacha hata moja." Upande wetu wa pazia mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema mashaallah. Nikakiweka kikombe chini. Mtaa mzima unaniita Redio, kwa kuwa ati nilizaliwa bila ya mahali pa kuzimiwa, lakini pale nilizimika, na ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ndiyo habari yenyewe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na Vuai alikuwa kichwa kimoja juu yangu, mrefu wa bure, miguu kama ya korongo. Watu walimdhania mkubwa, naye akapenda kudhaniwa. Ramadhani ile tulikuwa na gofu letu nyuma ya msikiti, nyumba iliyoporomoka ghorofa ikabaki ngazi na nusu ya chumba, na humo, watu wanaposali adhuhuri, sisi tulikula ubuyu. Anayekula mchana wa Ramadhani kwetu huitwa kobe, na kobe akikamatwa watoto humfuata njia nzima wakimwimbia mpaka mlangoni kwao, mama yake atoke aone. Kwa hiyo tulikuwa makobe wenye utaratibu. Ubuyu ule wa sukari na rangi unatia ulimi wekundu wa hatari, basi baada ya kula tunasukutua kwa maji ya kisima, halafu tunakaguana. Vuai anatoa ncha ya ulimi kidogo tu, kama mjusi, nami namwambia, "Bado, utatuuza," anasukutua tena. Kisha natoa mimi. Hapo ndipo tulipokuwa tukicheka mpaka tukashika matumbo, tena kimya kimya, na kicheko cha kimya kinauma mbavu kuliko cha sauti. Roho haikutusuta sana. Chuoni, tunakosoma Kurani, tulifundishwa kwamba mtoto hana dhambi ya kuandikwa, kalamu imenyanyuliwa mpaka atakapobaleghe, nasi tulikuwa tukila chini ya kalamu iliyonyanyuliwa.

Tena Vuai alikuwa na Ramadhani nyingi za akiba. Sote tulianza kufunga tukiwa na miaka mitano, funga ile ya watoto: unafunga mpaka adhuhuri unakula, kesho unafunga nusu nyingine, na wakubwa wanakwambia watazishona hizo nusu ziwe siku nzima. Bi Mize alikuwa fundi mkubwa wa kushona. Alizishona nusu zote za Vuai, na wakati wa magharibi, akikoroga uji wa pilipili manga, akiwa kajaza karai kaimati zinazong'aa shira, alimtangaza kwa kila aliyepita dirishani: "Wangu huyu amefunga. Anaingia ya nane hii." Vuai ananitazama juu ya bakuli la uji, na mimi naomba maji nisipaliwe.

Baada ya Idi ubuyu ukatuishia. Palikuwa na ghala la karafuu pale karibu, na mwenye duka mmoja ambaye ukimpelekea karafuu za mkononi hakuulizi umezipata wapi, anakupa ubuyu wa kujaza kofia. Mpango ulikuwa wangu. Mipango yote ilikuwa yangu. Mimi nikae na mlinzi wa ghala nimuigizie watu wa mtaa wanavyotembea, na Vuai apite nyuma ajaze karafuu kwenye kanzu yake. Nilimuigizia imamu, nikamuigizia mpiga pasi, nikafika kwa Maalim wetu wa skuli na ule mwendo wake wa mtu aliyebana yai kwapani, na mlinzi alikuwa anajifuta machozi kwa kicheko aliposhtuka kumsikia msimamizi anapiga kelele nyuma. Mimi nikakimbia. Vuai alikuwa ameikamata kanzu kwa mikono miwili mbele yake, na kanzu imejaa. Angeachia angenipita kwa miguu yake ile. Hakuachia. Karafuu hazikutimia hata pishi moja. Msimamizi alipomuuliza yuko na nani, akasema yuko peke yake, na askari walipomuuliza tena akasema tena hivyo hivyo, na mlinzi, kwa kuogopa kazi yake, hakusema kwamba alikuwa akichekeshwa.

Kwenye hukumu nilikwenda. Nilitoroka skuli nikakaa benchi ya tatu, nimevaa kofia ya baba ili nionekane mtu. Chumba kilinuka mafuta ya taa na jasho la watu waliokuja kuangalia kesi za watu. Hakimu alikuwa Mzungu mwenye uso wa kuchoka, si uso wa ubaya, na pembeni yake karani mwenye tarbushi aliyekuwa akifasiri. Wizi wenyewe haukuwa na mjadala. Karafuu zilikuwepo mezani kwenye kikapu na Vuai alikiri. Kilichobaki kilikuwa kimoja, na watu wa benchi walishakisema kabla hakimu hajakaa: akiwa chini ya miaka kumi na minne ni mtoto, ataonywa arudi kwao. Akifika kumi na minne na kupanda, ni viboko na jela, jela hii hii ya watu wazima. Karani akamwita Bi Mize.

"Bibi, mjukuu wako ana umri gani?"

"Umri wake anaujua aliyemleta."

Watu wakacheka. Karani hakucheka. "Alizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka ule karafuu zilizaa sana, zikaanguka chini kwa kukosa wa kuzichuma."

"Karafuu zimezaa sana miaka mingi, Bibi."

"Basi mmoja wapo huo."

Karani akamgeukia hakimu, wakasema Kizungu kidogo, akarudi na sauti ya mtu aliyepata ufunguo. "Haya. Kijana anafunga Ramadhani?"

Bi Mize akanyooka. Alikuwa mfupi, lakini siku ile niliona anarefuka. "Anafunga! Nane alizofunga, hakuacha hata moja. Muulizeni yeyote Malindi. Mwizi gani anafunga Ramadhani nane?"

Karani akahesabu vidoleni, mbele yetu sote, kama muuza maandazi. Mtoto huanza kufunga akiwa na saba, akasema. Saba na nane. Kumi na tano. Akamwambia hakimu, na hakimu akainamia karatasi.

Pale palikuwa na neno moja la kusema, na mtu mmoja wa kulisema. Bibi huyu anahesabu na zile za adhuhuri, za tangu miaka mitano. Tena huyu ni kobe, na mimi ni kobe mwenziwe, tumekula pamoja, za kweli hazizidi tatu. Lakini mbele yangu, benchi ya kwanza, alikaa rafiki wa baba, na nyuma yangu nusu ya mtaa, na kichwani mwangu nilimuona mama akitoka mlangoni kusikiliza wimbo wa kobe unaoletwa na watoto, na baada ya wimbo swali la pili: kama mlikula pamoja, na karafuu je? Nilikuwa nimefungua mdomo. Vuai akageuka kizimbani akanitafuta mpaka akaniona chini ya kofia ya baba, akatoa ncha ya ulimi. Kidogo tu, kama mjusi.

Mpaka leo sijui. Yawezekana alikuwa akiniomba niseme. Yawezekana alikuwa akinitania, kama siku zote, kuniuliza bado ana rangi. Mimi nikafumba mdomo, na kalamu ya hakimu ikawa inakwenda. Viboko sita na miezi tisa.

Alirudi mwaka uliofuata, siku ya joto, saa ya chakula. Bi Mize alipika wali wa nazi na mchuzi wa papa, akatualika, na mimi nikaja nimejiandaa: nilikuwa na maigizo mapya manne. Vuai alikula amelizungushia sahani mkono. Alipotaka maji aliangalia mlangoni kwanza, kama kuna mtu wa kumuomba ruhusa. Baba alipopita ukumbini kwenda zake, Vuai alisimama wima, tonge mkononi, mikono ubavuni, mchuzi ukimdondokea mguuni, akabaki hivyo mpaka nyayo zikanyamaza. Nikaigiza ya kwanza, nikaigiza ya pili. Alitabasamu kama mtu anayelipishwa tabasamu. Jirani mmoja akamwambia mwenziwe uani, hakujua nasikia: "Huyu siye. Huyu wametupa mwengine." Habari za jela alinisimulia mara moja tu, tumekaa ngazini kwenye lile gofu letu, tena sikumuuliza. "Walikuwa wananihesabia," alisema. "Kila kiboko kimoja, mtu anaandika." Basi. Alitoka na kikohozi huko, na kile kikohozi kilikaa naye chumbani kwa Bi Mize miaka minne, nami juu ghorofani, nikifanya hesabu za skuli, nilikuwa nakisikia kupitia sakafu. Mwaka huu kikanyamaza.

Wiki moja baada ya arubaini, Maalim wetu wa skuli akabisha hodi kwa Bi Mize, na mkononi ana mkoba, si fimbo, nikadhani nimeona mtu mwengine. Huyu ndiye niliyekuwa nikimuigiza anavyobana yai. Yeye na wenzake wachache wanakusanya maelezo ya watoto waliohukumiwa kama wakubwa, wayapeleke serikalini, ili korti isimkisie mtoto umri: aitwe daktari, waitwe watu wawili wanaomjua mtoto tangu uchanga. Alinihitaji mimi kwa sababu ya mwandiko. Mwandiko wangu ni mzuri sana, nao nimeupata kwake mwenyewe, kwa kuniandikisha "Sitacheka darasani" mara mia kila Alhamisi.

"Maalim," nilimwambia, "nawe mwenyewe mbona hutupunguzii fimbo?"

"Fimbo yangu inalijua jina lako na la babako," akasema. "Ile ya korti haimjui mtu. Kaa uandike." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Na nimeshaiweka kabatini, kama hukuona."

Sikuwa nimeona. Nikakaa mkekani, karatasi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, maana chumba hakina meza. Maalim akamueleza Bi Mize kwamba Jumatatu anasimamishwa mtoto mwengine, wa Kizimkazi, amekamatwa na jogoo wa mtu, hana cheti, hana baba, anaye bibi tu. "Na bibi yake naye," Maalim akasema, "anahesabu kwa Ramadhani."

Bi Mize akaanza kusema na mimi nikaandika. Jina la marehemu. Jina la mama yake marehemu. Mwaka ule wa karafuu nyingi. Akafika pale. "Andika, mwanangu: alikuwa na Ramadhani nane." Nikaandika "alikuwa na Ramadhani", kalamu ikasimama. Wino ukaanza kufanya duara.

"Andika," Bi Mize akasema.

"Bibi, hazikuwa nane."

Maalim akainua macho. Nikasema yote, vibaya vibaya, mwisho mbele na mwanzo nyuma: gofu, ubuyu, ulimi, kofia ya baba, benchi ya tatu, na kwamba mpango wa karafuu ulikuwa wangu. Nilisema kwa haraka bila ya mzaha hata mmoja. Nafikiri ndiyo maana hawakunikatiza, walikuwa hawanitambui. Nilipomaliza nikangoja Bibi anifukuze. Bi Mize alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na hakuacha kuchambua.

"Nani alikuwa akimfulia Vuai kanzu?" akauliza.

"Wewe, Bibi."

"Mimi. Siku ya kumi na tisa ya Ramadhani ile natia mkono mfukoni, natoa kokwa za ubuyu. Zimefyonzwa zimebaki nyeusi. Nikazitupa jaani, nikaosha kanzu, nikanyamaza." Alitoa chuya moja, akaitupa. "Si wewe tu uliyejua kwamba ni kobe."

Maalim akauliza taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu mbovu, "Sasa, Bi Mize, kwa nini ulisema nane?"

"Wamemsimamisha mbele za watu wanamwita mwizi, Maalim. Nikazidishe niseme na kufunga hafungi? Nilitaka wajue kalelewa. Nikawapa zote, na nusu nikazitia, na zile alizokula nikazitia. Nikaona nimewapa sifa." Ungo ukatulia mapajani. "Sikujua wanachohesabu pale ni mifupa yake."

Juu, kwetu, mtu alikuwa anaburuta kiti, na nikafikiri: hivi ndivyo Vuai alivyokuwa akitusikia, nasi tukimsikia.

"Andika tatu," Bi Mize akasema. "Na sababu ya nane uiandike. Andika Mize aliona haya."

Nikaandika. Chini yake, bila ya kuambiwa, nikaandika kwamba na mimi niliona haya, na jina langu, lile la kwenye msahafu. Halafu, kwa kuwa akili yangu haina adabu hata msibani, nikaipiga hesabu ya karani: saba na tatu. Kwa hesabu yake mwenyewe, Vuai alikuwa na miaka kumi.

Jumatatu Bi Mize alivaa buibui lake la Idi akasema twende. Chumba ni kile kile, mafuta ya taa na jasho, na karani ni yule yule, tarbushi imefifia kidogo. Hakimu mwengine. Kizimbani alisimama mtoto mwenye masikio makubwa aliyekuwa akiuangalia mkono wa askari tu, kila unapokwenda. Bibi yake, mwanamke wa shamba aliyeshika leso kwa mikono miwili, akaulizwa umri, akasema hajui. Akaulizwa kufunga. Nilimuona anavyonyooka.

"Tisa," akasema kwa fahari. "Hajaacha."

Karani akainua vidole vyake. Saba, na...

"Karani!" Sauti ilikuwa ubavuni kwangu. Bi Mize alikuwa amesimama. "Muulize, za kutwa au za adhuhuri?"

Askari akaja. "Bibi, kaa."

"Nimekaa miaka mitano, baba. Muulize! Za kutwa au za adhuhuri?"

Benchi zikaripuka kwa kicheko, maana hakuna mtu mle ndani ambaye hakushonewa nusu zake utotoni, na karani mwenyewe, masikini, nilimuona uso unavyombadilika anapokumbuka za kwake. Hakimu akauliza mbona watu wanacheka. Karani alianza kumfasiria, akakwama, akaanza tena, akawa anakata hewa kwa kiganja, nusu hapa, nusu pale, anazishona kwa vidole. Yule bibi wa Kizimkazi akawa anamtazama Bi Mize, na Bi Mize akamuitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayemwambia mwenziwe maji yapo ya kina gani.

"Za adhuhuri," bibi akasema, akainamisha uso. "Nyingi ni za adhuhuri. Na nyengine kala."

Hakimu alikuwa keshaiinamia karatasi. Akainyanyua kalamu, akaishikilia hewani, akasema mtoto asiandikwe kitu mpaka aletwe daktari na watu wanaomjua. Hiyo siyo sheria kubadilika. Maalim amenionya nisiandike hivyo. Ni kalamu moja, asubuhi moja. Watu walikuwa bado wanacheka, Bi Mize analia, na mimi nikajikuta nimegeukia kizimbani nimetoa ncha ya ulimi, kidogo tu, kuuliza kama bado una rangi. Yule mtoto alinishangaa. Yeye hakuijua alama hiyo, na aliyeijua hayupo.